Kati ya Ana na Hana

"Jiko umelizima, mwanangu," mama mkwe wake alimwambia, kama alivyomwambia jana na juzi. Alikuwa amekaa zake mlangoni na kikombe cha chai. "Mimi nimekuona, na jiko lenyewe linajua limezimwa. Nenda kazini."

Alirudi jikoni hata hivyo. Akagusa swichi, akanusa hewa, akaigusa tena, ndipo akachukua mkoba wake.

Tusimcheke bado. Wapo watu waliozaliwa waoga, na huyu alikuwa mwoga wa kutupwa. Aliogopa mbwa, hata aliyefungwa mnyororo. Aliogopa lifti, radi, bahasha yenye muhuri na simu inayolia alfajiri. Akishuka ngazi alishika ukuta, na akitaka kuvuka barabara alisimama pale pembeni mpaka madereva wenyewe wamhurumie. Mama mkwe wake alipenda kusema kwamba mwanamke huyu angeweza kushtuliwa na kivuli chake mwenyewe, na mara moja ilitokea kweli, karibu na kamba ya nguo.

Ila mbele ya kibodi ya kompyuta hakuogopa kitu. Akishaketi na kuvaa spika zake masikioni, vidole vilikwenda vyenyewe, na macho yake yakabaki kwenye skrini bila kuteremka. Kazi yake ilikuwa kuchapa ripoti za madaktari. Daktari anazungumza kwenye kinasa sauti, anamletea, naye anageuza ule mung'unyo kuwa maandishi yanayosomeka. Hospitali nzima ilimwita Chapchap, na jina lilimkaa hivi kwamba wageni walidhani ndilo la kuzaliwa.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Kilikuwa na dirisha moja, printa yenye kukohoa, na feni iliyozungusha vumbi lile lile mwaka hadi mwaka. Wenzake walikiita jela. Yeye alikipenda kwa sababu moja tu: kilikuwa mbali kabisa na chumba cha upasuaji.

Chumba cha upasuaji kilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya mlango wa kijani wenye vioo viwili vya duara. Mumewe aliingizwa pale amelala kwenye kitanda cha magurudumu, akitania wauguzi. Ulikuwa upasuaji mdogo, ule ambao mtu hurudi nyumbani akala chakula cha jioni na watoto. "Usile bila mimi," alimwambia, kisha mlango ukafungwa. Yeye alikaa kwenye benchi la nje akimsubiri, na aliyetoka alikuwa daktari peke yake, amevua kofia. Tangu siku hiyo hakuukanyaga ule ua. Akitaka kwenda kantini alizunguka kwa nyuma, kwenye matanki ya maji, na kama mvua imenyesha alirudi na matope hadi magotini. Watu walimwona na kunyamaza. Hilo tu hawakumtania.

Kwa mengine walimtania sana. Siku moja aliona moshi unatoka stoo ya mashuka, akapiga kengele ya moto, akatoa watu nje, wagonjwa na dripu zao mkononi. Moshi ulikuwa mvuke wa pasi. Mkuu wa makarani, mtu mnene wa maneno machache, alimwita ofisini akamwambia, "Dada, safari nyingine ukiona moshi, hakikisha una moto. Ukitutoa nje bure tena, wewe utabaki huko huko nje." Alisema kwa kutabasamu, lakini Chapchap alimjua bosi wake, na kwa majuma alikwepa kupita mbele ya mlango wake.

Sasa tuje kwenye kitufe.

Kitufe cha H kilianza kununa taratibu. Mwanzoni kilitaka kubonyezwa kwa nguvu kidogo kuliko jirani zake G na J, akakibonyeza kwa nguvu. Halafu kikawa kinashuka na kuchelewa kupanda. Akapindua kibodi, akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, na vikamwagika vipande vya mkate, unywele mmoja mrefu na pini ya stepla. Akapuliza, akafuta kwa pamba yenye spiriti. Kikapona siku moja. Kesho yake kikarudia, na safari hii kikawa na tabia mbaya zaidi: mara kinaandika, mara hakiandiki, na huwezi kujua lini. Angekufa kabisa kitufe, ingekuwa afadhali. Kilichokufa unakizika. Hiki kilikuwa kinamfanyia ujanja.

Akaomba fundi. Fundi akasema atakuja.

Asubuhi hiyo ya kisa chetu daktari wa moyo alikuja mwenyewe na kinasa sauti, amevaa koti la safari na begi begani. Alikuwa anakimbilia mkutano wa mbali.

"Chapchap, ni ripoti moja tu. Yule bibi aliyevunjika nyonga. Wanampasua leo, wanataka maneno yangu kabla hawajaanza. Nachukua kinasa sauti changu, kwa hiyo chapa nikiwa nasubiri."

"Sawa, Daktari. Kitufe changu kimoja kinasumbua kidogo."

"Wewe?" Daktari akacheka. "Wewe ungechapa hata kwa kijiti."

Akaketi, akavaa spika, akachapa. Daktari yule alikuwa na desturi ya kuzungumza kama mtu mwenye andazi mdomoni, na pale alipokuwa na haraka aliyameza maneno mawili mawili. Tarishi wa chumba cha upasuaji naye alikuwa amesimama mlangoni, anagonga gonga fremu kwa ufunguo. Chapchap akamaliza, akaangalia skrini. H zilikuwa zimekimbia hovyo. Palikuwa na "ospitali", palikuwa na "istoria ya mgonjwa", palikuwa na "arakisha". Akaitafuta H moja nzima, akainakili kwa kipanya, akaenda akiipachika penye kila pengo, upesi upesi, huku ufunguo ukigonga mlangoni. Mashine yenyewe isingemsaidia. Haikujua Kiswahili, na zamani ilikuwa ikipigia mstari mwekundu kila neno analoandika, mpaka akachoka akaizima kazi hiyo.

Printa ikakohoa. Daktari akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu kazi ya Chapchap hakuna aliyewahi kuisoma mara mbili. Tarishi akachukua karatasi, daktari akachukua kinasa sauti chake, na chumba kikabaki kimya na feni yake.

Fundi alifika chai ya Chapchap ilipokuwa imeshapoa mezani. Alikuwa kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni mahali wengine huweka kalamu, na hospitalini alijulikana kwa jina la Zima-Washa, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa kila mgonjwa.

"Umezima ukawasha?" akauliza kabla hajaketi.

"Nimezima nikawasha, fundi. Nimezima mpaka mkono umeniuma."

"Hebu tuzime tuwashe."

Wakazima, wakawasha. Akachomoa waya wa kibodi, akauchomeka tundu jingine nyuma ya mashine. Akaingia kwenye mipangilio kuangalia kama lugha ya kibodi imebadilika, maana alishawahi kumkuta mhasibu analia kwamba vitufe vyake vimehama. Vya hapa vilikuwa mahali pake. Basi akavuta kiti, akakunja mikono ya shati.

"Haya, dada. Andika neno lolote lenye H. Liandike mara nyingi, nione linakwama vipi."

Neno la kwanza lililomjia lilikuwa hana. Akaliandika kwa mwendo wake wa kawaida, tena na tena, mstari mzima. Wote wawili wakatazama skrini.

ana ana hana ana ana ana hana ana

Zima-Washa akaangua kicheko. "Kumbe kibodi yako ina roho nzuri. Kila asiye nacho, inampa."

Chapchap alitabasamu kwa adabu, halafu tabasamu likamgandia usoni.

Ospitali kila mtu anaiona kwamba ni kiwete. Arakisha inajulikana imekatwa kichwa. Lakini ana ni neno zima. Lina miguu yake yote na linatembea barabarani bila mtu kuligeukia. Ukilitoa hana kichwa halilalamiki, linageuka tu kuwa kinyume chake na kuendelea na safari. Akaandika neno jingine, polepole, kidole kimoja: hatakuja. Skrini ikasema atakuja. Akaandika hatapona, na skrini ikasema atapona.

"Inatosha, nimeona," Zima-Washa akasema. Akaingiza ncha ya bisibisi chini ya kitufe, akakibandua kwa ustadi, tak. "Nishikie hiki."

Akamwekea kiganjani kile kiplastiki cheusi chenye H nyeupe iliyofifia. Akainama akachungulia tundu lililobaki.

"Si uchafu. Tazama, huu mpira mdogo wa chini, huu unaokirudisha kitufe juu, umepasuka ubavuni. Ndiyo maana mara unagusa mara haugusi. Kiwandani watakuambia ununue kibodi mpya. Mimi nitakupa wa Q. Q hapa kwetu ina kazi gani? Imekaa miaka yote kwenye kona yake, haijaandika neno hata moja la Kiswahili, inakula raha tu. Leo tutaipa..."

Chapchap hakuwa anamsikia. Alikuwa ameshika kipanya na anafungua ripoti ya asubuhi, na mshale ulipita juu ya faili na kurudi, ukapita na kurudi. Ikafunguka. Akasoma kutoka juu. Jina, umri, nyonga. Mapigo ya moyo. Akashuka hadi chini kabisa, juu tu ya mahali pa sahihi.

Mgonjwa atapewa sindano ya usingizi ya kawaida. Daktari wa usingizi aarifiwe.

Akaufuata mstari ule tena, kidole kikiwa juu ya skrini.

"Fundi," akasema. "Nyamaza kidogo."

Zima-Washa akanyamaza. Akasoma naye juu ya bega lake, akasoma tena, na akaacha kutafuta mpira wa Q.

"Daktari alisema atapewa au hatapewa?"

"Sijui."

"Si ulimsikia?"

"Nilimsikia anameza maneno. Vidole ndivyo vilivyosikia, mimi nilikuwa nasikia ule ufunguo mlangoni." Akafumba macho, akajaribu kuirudisha sauti ya daktari kichwani. Ilikuja. Ikasema atapewa, wazi kabisa. Ikaja tena ikasema hatapewa, wazi vile vile.

"Kinasa sauti kiko wapi?"

"Ameondoka nacho."

Akapiga simu ya daktari wa moyo. Mwanamke wa kwenye mtandao akamwambia kwa sauti tamu kwamba namba haipatikani. Akapiga chumba cha upasuaji. Iliita, ikaita, mtu akapokea na kusema, "Upasuaji. Kama si dharura piga baadaye," na simu ikakatwa kabla ulimi wake haujafunguka.

"Labda ndivyo alivyosema," Zima-Washa akasema kwa upole. "Dada, wagonjwa wengi si hupewa hiyo ya kawaida? Ndiyo maana ikaitwa ya kawaida."

Labda. Lilikuwa neno zuri, neno la kukalia. Mtu angeweza kuketi juu ya neno hilo mpaka saa ya kutoka, akachukua mkoba, akaenda nyumbani kugusa swichi ya jiko. Na akikurupuka? Atavuka ua akiwa anapiga kelele, atasimamisha upasuaji, madaktari watavua glavu, na mwisho itaonekana ni mvuke wa pasi kwa mara nyingine. Alimwona mkuu wa makarani akitabasamu. Alijiona na mkoba wake nje ya geti, na mama mkwe wake akimuuliza mbona amerudi mapema. Mimi simlaumu. Nani kati yetu asiyewahi kukalia labda?

Lakini wazo jingine likaja, na hilo halikuwa na huruma. Siku ile ya mumewe, je, palikuwa na mtu mahali fulani? Mtu aliyekuwa ameketi kwenye kiti kama hiki, akashtuka, akasema labda, akabaki amekaa? Hakuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Walimwambia ilikuwa bahati mbaya, naye aliamini. Ila sasa alimwona mtu huyo, mgongo wake, kiti chake, chai yake inayopoa, na alimchukia kwa chuki ambayo hakujua kwamba anayo.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Hizi nyingine za leo bado hazijatoka," akamwambia fundi, akimwonyesha rundo lililokuwa mezani. "Usimpe mtu hata moja. Hata akija mkuu mwenyewe."

"Unakwenda wapi?"

Hakujibu, kwa kuwa kama angejisikia akilitaja jina la mahali pale, asingefika.

Koridoni alikwenda kwa kutembea haraka, kwenye mlango wa ua akaanza kukimbia, na katikati ya ua akasimama. Mlango wa kijani ulikuwa pale pale. Vioo viwili vya duara vilimtazama. Benchi lilikuwa pale pale, wamelipaka rangi mpya tu. Mwili wote ulimwambia jambo moja, rudi, na alikuwa amezoea maisha yake yote kuusikiliza mwili wake. Akapiga moyo konde. Si kwamba woga ulimtoka. Alikwenda nao, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Mama, hapa hapaingiliki hivihivi. Na viatu huvuliwa."

Akavua viatu. Alivitupa, kwa kweli, kimoja kikaingia kwenye chungu cha maua.

"Nataka Sista mkuu."

"Yuko ndani, kazi inaanza. Subiri pale kwenye benchi."

"Kwenye benchi lile sikai," akasema, na kabla mlinzi hajajua amefanyaje, mtu mwoga kuliko wote hospitalini alikuwa ameshapita chini ya mkono wake na kusukuma mlango wa kijani.

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya dawa. Sista mkuu alikuwa anatoka chumba cha kunawia, mikono juu, na akasimama ghafla kumwona mwanamke peku peku kwenye korido yake.

"Wewe Chapchap? Una wazimu? Nani amekuruhusu?"

"Sista, shikamoo. Yule bibi wa nyonga. Ameshachomwa sindano?"

"Anachomwa sasa hivi. Kwa nini?"

"Asichomwe. Ile karatasi ya daktari wa moyo. Imeandika atapewa sindano ya kawaida."

"Ndiyo. Imeandika atapewa."

"Labda ilikuwa hatapewa."

Sista mkuu alikuwa mwanamke ambaye madaktari wenyewe walimpisha njia. Alishusha sauti, na aliposhusha sauti ndipo watu walipotetemeka zaidi. "Labda?"

"Labda, Sista. Sina hakika. Naapa sina hakika." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akafungua kiganja. Kitufe kilikuwa kimemchora alama nyekundu kwenye ngozi kwa jinsi alivyokibana. "Hiki ndicho kilichokuwa kinaruka. Kikiruka kwenye hatapewa, inabaki atapewa. Sikuiona. Nilizirudisha zote, hiyo sikuiona, maana ni neno zima."

Sista akakitazama kile kiplastiki. Midomo yake ikasogea kidogo, bila sauti, kama mtu anayejaribu maneno mawili kwa zamu. Kisha akageuka, akausukuma mlango wa ndani kwa bega, na Chapchap akasikia amri moja tu.

"Daktari, weka chini."

Mlango wa ndani ukajifunga. Ule ndio ulikuwa muda mbaya kuliko yote. Alisimama ameegemea ukuta, akingoja kusikia kwamba wamechelewa, na huku akiogopa kusikia kwamba hapakuwa na kitu, na akaona aibu kwamba aliogopa yote mawili.

Mlango ukafunguliwa. Kitanda cha magurudumu kilivutwa nje hadi koridoni, na juu yake bibi mdogo mkavu, amefunikwa shuka hadi kidevuni, macho yake yakiwa wazi kabisa. Daktari wa usingizi alikuwa nyuma yake, bado ameshika sindano iliyojaa. Mkono wa bibi ulikuwa umeshafungwa mpira na kupakwa spiriti.

"Bibi," daktari wa usingizi akauliza, "uliwahi kuchomwa sindano ya usingizi huko nyuma?"

"Sasa ndiyo unaniuliza?"

"Samahani, Bibi. Nakuuliza sasa."

"Nimesema tangu wodini. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho walinichoma hiyo, moyo ukasimama. Nilikufa, wakanirudisha kwa kunipigapiga kifuani, mbavu zikavunjika. Daktari wa moyo nilimwambia, yeye akaniambia, Bibi usijali, hutapewa. Nimemwambia huyu wa kusukuma kitanda. Nimemwambia yule msichana wa kupima presha." Alizungumza bila hasira, kwa uchovu tu, kama mtu aliyegonga mlango mchana kutwa. "Kila mmoja ananiambia, Bibi tulia, karatasi inasema utapewa. Mwisho nikatulia. Nikasema basi, karatasi inajua."

Daktari wa usingizi alifunika ncha ya sindano na kuiweka kwenye trei, na ilibidi ajaribu zaidi ya mara moja ndipo kifuniko kikaingia. Sista mkuu akaufungua ule mpira mkononi mwa bibi, akaupangusa mkono taratibu kwa pamba, akaendelea kuupangusa ingawa ulikuwa umeshakauka.

Bibi akageuza kichwa. Akamwona mwanamke aliyesimama ukutani, hana viatu, uso umelowa.

"Na huyu ni nani?"

Sista akamgeukia Chapchap.

"Mimi ndiye karatasi, Bibi," Chapchap akasema.

Bibi akaitazama ile miguu yake peku, na ule mkono uliokibana kitufe.

"Karatasi gani inaogopa hivi," akasema. Kisha akatoa mkono wake chini ya shuka. "Njoo hapa. Mimi mwenyewe naogopa, na hawa wote wanaziba midomo kwa vitambaa, huwezi kujua nani anaogopa na nani haogopi."

Akaenda. Mkono wa bibi ulikuwa mwepesi na baridi, na ulimshika kwa nguvu ambayo hakuitarajia.

Walijadiliana pembeni, daktari wa usingizi na Sista na mpasuaji aliyetoka kuuliza kulikoni. Wakakubaliana kumchoma mgongoni, afe ganzi miguu tu na abaki macho. Wakamweleza bibi, naye safari hii akawafanya wamweleze mara mbili. Chapchap alibaki ameshikwa mkono muda wote huo. Alijua kwamba baada ya hapa kuna mkuu wa makarani, kuna maswali, kuna barua yenye muhuri. Vyote hivyo aliviogopa, ila kwa mbali, kama radi ya mji mwingine.

Wakaja kukisukuma kitanda. Bibi hakuuachia mkono.

"Ukiingia humo unafungiwa mlango," akasema kwa sauti ndogo, "halafu huku nje kila mtu anakwenda zake."

Chapchap alilijua lile benchi. Alijua ubao upi unayumba na ukiegemea wapi unaona vioo vya duara.

"Sista," bibi akauliza, "huyu ataondoka?"

Sista mkuu akamtazama Chapchap, na Chapchap akatikisa kichwa.

"Hataondoka," Sista akasema, na ile H aliitamka taratibu na kwa nguvu, mpaka mlinzi wa nje akageuka kuangalia.

Bibi akauachia mkono. Mlango wa kijani ukafungwa. Chapchap akatoka nje, akalikaribia benchi, akaligusa kwanza kwa kidole, akaligusa tena, kisha akakaa. Aliogopa kupita siku zote, na kitufe kilikuwa bado kiganjani mwake.